Gari Lililojua Mkono Mmoja

Enyi watu wa mwaloni, na nyinyi wa Mwanza mjini mnaojifanya hamjui harufu ya samaki, tulieni msikie yaliyompata Luhaga. Mwenye gari asikilize. Asiye na gari naye asikilize, maana hakuna nyumba isiyokuwa na kitu kibovu ambacho wenyewe wamekwisha kukizoea.

Luhaga alikaa kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhusha samaki, upande wa Sengerema, yeye, mkewe Odeta, na binti yao Rebeka aliyekuwa darasa la sita. Asubuhi zao zilikuwa za amani. Ziwa limetulia, Odeta yuko uani anayeyusha mafuta ya sangara, na Luhaga anafuta vumbi kwenye pikapu yake, Datsun nyeupe. Aliipata chama cha ushirika kilipokuwa kinauza magari yake chakavu, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akataka kuitwa mfanyabiashara. Pale mwaloni halikuwapo gari jingine. Lilibeba samaki, likabeba wagonjwa, likabeba maharusi, na Luhaga akajiona mtu hasa.

Kisha swichi ikaanza ukaidi. Unaingiza ufunguo, hauzunguki. Sasa sikieni alichofanya. Kule mwaloni mafuta ya sangara ni dawa ya kila kitu: hupakwa kwenye kufuli, kwenye mnyororo wa baiskeli, mpaka kwenye miguu ya watoto iliyopauka. Luhaga akachovya unyoya wa kuku kwenye sufuria ya mkewe, akadondosha mafuta ndani ya tundu la ufunguo. Ukazunguka laini! Akacheka peke yake. Baada ya muda mafuta yakaganda, yakakamata vumbi la barabara, na swichi ikawa ngumu kuliko mwanzo. Unadhani aliita fundi? Aliongeza mafuta.

Siku moja alivuka na kivuko kwenda Mwanza, akaingia duka la vipuri la Jitesh. Jitesh aliupokea ule ufunguo, akaunusa, akakunja uso.

"Bwana Luhaga, hii umekaanga?"

"Ni mafuta kidogo tu, ndugu yangu."

"Mafuta hapana kabisa. Inashika vumbi, inakuwa gundi. Mimi nina swichi ya mtumba, nzima. Fundi anafunga asubuhi moja, kwisha kazi."

"Niwekee. Nitapita nikirudi."

Hakupita. Duka la jirani walikuwa wanauza redio kaseti za gari, mpya, zinawakawaka taa za rangi. Jioni mwalo mzima ulisikia muziki kabla ya kuliona gari, na watoto wakalikimbilia wakishangilia. Odeta alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Baba Rebeka, swichi iko wapi?"

"Swichi ya nini, mke wangu? Gari hili linajua mkono wangu."

Neno hilo likamkolea. Tangu siku hiyo alilisema kwenye kilabu cha pombe, alilisema hata nje ya kanisa. Na kweli, alikuwa na namna yake: ufunguo anauingiza, anaurudisha kidogo, anautikisa taratibu huku mkono wa kushoto ukichezea usukani, halafu anatulia, na hapohapo unazunguka. Alimpa ufunguo Chenge, aliyewahi kuwa dereva wa ushirika, ajaribu mbele ya watu. Chenge alihangaika mpaka jasho likamtoka, na watu wakavunjika mbavu.

"Mnaona? Halimtaki!" Luhaga akasema.

"Bwana, hiyo si sifa," Chenge alimjibu akimrudishia ufunguo. "Hiyo ni swichi mbovu."

Hakuna aliyemsikiliza. Ubovu ulikwisha kugeuka maringo. Odeta peke yake ndiye ambaye hakuchoka kusema.

"Na siku mkono wako ukishindwa?"

"Acha kunitabiria mabaya," Luhaga alisema, na akaongeza sauti ya redio.

Basi ikafika asubuhi moja ya kiangazi. Luhaga alikuwa nyuma ya nyumba ananawa uso, Odeta anakoroga mafuta kwenye sufuria kubwa. Figa moja likapasuka kwa moto, sufuria ikalala, na mafuta yanayochemka yakammwagikia Odeta kuanzia tumboni hadi miguuni. Ukelele wake ulisikika hadi kwenye mitumbwi.

"Mayo wee! Baba Rebeka, nakufa!"

Majirani walimmwagia maji, wakamfunika kwa shuka lililoloweshwa, wakatandika godoro nyuma ya pikapu na kumlaza. Rebeka akapanda, akamshika mama yake kichwa. Hospitali ilikuwa Sengerema mjini. Gari lilikuwa pale pale, mafuta ya kutosha, matairi mazima. Kilichobaki ni kuliwasha tu, jamani.

Luhaga aliingiza ufunguo. Haukuzunguka. Akaurudisha, akautikisa, na hapo ndipo alipouona mkono wake. Ulikuwa unatetemeka vibaya. Ile namna yake ilitaka mtu aliyetulia, na nyuma yake mkewe alikuwa analia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia. Akajaribu tena. Akaomba Mungu. Akatukana.

"Baba, fanya haraka!" Rebeka alipiga kelele. "Mama anatetemeka!"

Kupitia kidirisha cha nyuma Odeta alisema, polepole, "Acha, Baba Rebeka. Leo halikujui."

Maneno hayo yalimchoma. Akaukamata ufunguo kwa nguvu zake zote, akaupinda, ukakatika. Kipande kikabaki ndani ya swichi, kingine mkononi mwake.

"Mshusheni mgonjwa! Tulisukume!" akapaza sauti.

"Luhaga, swichi imefungwa," Chenge alimwambia. "Halitawaka kwa kusukumwa. Na usukani umejifunga, litakwenda mtaroni!"

"Sukumeni nimesema! Sukumeni!"

Watu walimhurumia, wakamshusha Odeta, wakasukuma. Pikapu ikakata kona ileile magurudumu yake yalikoelekea tangu jana, ikatumbukia mtaroni na kulala ubavu. Luhaga alitoka akiwa mzima, akakaa chini kwenye vumbi, akalia mbele ya wote waliokuwa wakimchekea.

Odeta alilazwa kivulini. Walituma mtu wa baiskeli kutafuta gari, asipate. Lori linaloleta barafu ya samaki lilifika jua limeshapita utosini, likamchukua. Madaktari walimpokea mbio na walifanya kila walichoweza. Mmoja alimwambia Luhaga ukweli bila kumzunguka: mwili ulikuwa umepoteza maji mengi mno kabla hajafika. Odeta hakuiona Jumapili ya wiki ile.

Baada ya matanga Chenge alivuka mwenyewe kwenda kwa Jitesh. Swichi ilikuwa bado imewekwa, ina jina la Luhaga. Pikapu ilikwisha kuvutwa kutoka mtaroni, na Chenge akaing'oa ile ya zamani, imejaa utomvu mweusi unaonuka samaki, akafunga nyingine. Kazi ilikwisha kabla ugali wa mchana haujaiva.

"Jaribu," alimwambia Luhaga.

Luhaga alitikisa kichwa, hakuweza kuugusa ufunguo. Rebeka akaingia kwenye gari badala yake, akauzungusha kwa vidole viwili. Gari likawaka mara moja, na redio nayo ikaanza kuimba. Mtoto aliizima, akamgeukia baba yake.

"Kumbe ilikuwa hivi tu, baba?"



FUNZO

Ndugu zangu, Odeta aliuawa na uzembe, na tuseme hivyo bila kuuma maneno. Mumewe alimpenda, hilo hakuna anayelipinga, lakini aliuzoea ubovu, kisha akajivunia, na sisi tukacheka naye. Kitu ambacho nyumba nzima inakitegemea kitengenezwe kingali kinaweza kutengenezwa, na kiweze kutumiwa na kila aliye nyumbani, siyo mkono mmoja tu. Mkeo akikuuliza jambo lilelile kila siku, usiongeze sauti ya redio. Na wewe unayesoma, unakijua kile kitu cha nyumbani kwako ambacho kila siku unasema utakitengeneza kesho. Weka hii hadithi chini, nenda ukakitengeneze.