Joto la Bwana Mahfudhi

Kaeni vizuri, watoto. Anayechokonoa pua, aache.

Mwantumu aliishi Tanga, kwenye nyumba ndogo ya bati. Aliishi na Mama, na Baba, na Sefu, mdogo wake mchanga.

Sefu hakujua kukaa. Hakujua kucheka. Alijua kulia tu.
"Ngaa! Ngaa! Ngaa!"

Alilia kwa joto. Shingo imejaa harara. Mgongo umejaa harara. Hanyonyi vizuri, halali kabisa.

"Zamani mwezi huu tulijifunika shuka," alisema Baba. "Siku hizi joto limezidi."
"Kwa nini, Baba?"
"Moshi, mwanangu. Moshi wa magari, moshi wa viwanda. Umeifunika dunia kama blanketi zito."

Mwantumu akatazama kwao. Taa moja. Jiko moja la mkaa. Baiskeli kuukuu ya Baba.
"Mbona sisi hatuna moshi mwingi hivyo?"
"Hatuna. Lakini blanketi tunafunikwa sote. Na mwenye nyumba ya bati ndiye anayeiva kwanza."

Nyuma ya ukuta alikaa Bwana Mahfudhi. Alikuwa na gari la kwendea sokoni. Alikuwa na gari la kwendea msikitini. Na msikiti wenyewe uko pale kwenye kona!

Bwana Mahfudhi naye aliona joto. Akanunua kiyoyozi. Ndani akapata baridi. Nje, ukutani, likatundikwa sanduku jeupe.
Vuuuuu!

Ndani kulipoa mpaka Bwana Mahfudhi akavaa sweta. Sweta, Tanga! Mtu mzima ananunua baridi, halafu anaikimbia!

Na nje je? Sanduku lilitema pumzi ya moto. Moja kwa moja, dirishani kwa Sefu.

Vuuuuu!
Baridi yake, ndani kwake.
Joto lake, ndani kwetu.

Mwantumu akaenda kugonga. Ngo, ngo, ngo!
"Hodi! Shikamoo, mjomba."
"Marahaba. Sema upesi, baridi inatoka!"
"Mjomba, sanduku lako linamchoma Sefu."
"Linamchoma? Hicho ni kiyoyozi, mtoto. Kinapoza! Nenda kacheze."
Mlango, pa!

Kinapoza! Je, aliwahi kusimama nyuma yake? Hata siku moja.

Vuuuuu!
Baridi yake, ndani kwake.
Joto lake, ndani kwetu.

Siku ya arobaini ya Sefu ikafika. Mtoto mchanga akifika arobaini, majirani hualikwa. Watu huomba dua, kisha hula.
Na mgeni haondoki dua haijaisha. Akiondoka, mtaa mzima utamsema.

"Mwantumu," akaita Mama, "tandika mikeka uwani. Ule mzuri ni wa Bwana Mahfudhi."
"Niutandike wapi, Mama?"
"Popote, mwanangu."

Popote? Mwantumu alipajua pa kuutandika. Akautandika chini ya sanduku. Pale pale.

Bwana Mahfudhi akaja na kanzu, na koti, na kofia. Kwake ameacha kiyoyozi kinanguruma. Akaketi. Dua ikaanza.

Vuuuuu!
Jasho likamtoka, tiri, tiri, tiri. Kofia ikalowa. Koti likalowa. Akajipepea kwa mkono.
Ainuke? Athubutu! Dua bado.

Mwisho watu wakasema, "Amina."
"Amina! Amina!" akasema Bwana Mahfudhi. Hakuna aliyemshinda kwa sauti.

"Joto gani hili?" akafoka. "Nyinyi mnaishije hapa?"
"Joto lako hilo, mjomba," akasema Mwantumu. "Linatoka kwako, linakuja kwetu."

Kina mama wakacheka, kwi, kwi, kwi.

Bwana Mahfudhi akageuka. Akaliona sanduku. Akanyoosha mkono. Akaurudisha upesi.
"Kumbe!" akasema.

Kumbe! Ameambiwa, hakusikia. Mpaka aive yeye, ndipo anasema kumbe!

Akapiga kelele kuelekea kwake. "Zimeni! Zimeni dude hilo!"
Vuuuu… vuu… vu.

Kesho yake fundi akaling'oa sanduku. Bwana Mahfudhi akafungua madirisha yake makubwa. Upepo wa baharini ukaingia, fyuuu. Siku zote ulikuwa hapo nje, bure.

Jioni ile Sefu alinyonya akashiba. Mwantumu akajilaza karibu naye.
"Baba, wapo wengine kama Bwana Mahfudhi?"
"Wapo wengi. Wana viwanda, wana ndege. Wako mbali, hata hawatujui."
"Basi tuwaalike. Waje wakae hapa kwetu."

Baba akacheka mpaka akafuta machozi.
"Tuwaalike, mwanangu. Na dua iwe ndefu."

Sefu akapiga mwayo mdogo. Akalala, fofofo.