Panya Wasiolala wa Raskazone

Siku hiyo hata panya waliodungwa maji ya chumvi waligoma kulala.

Mastura alikuwa mtunza panya wa maabara ya ubongo, kwenye nyumba kuukuu ya Raskazone. Nusu yao aliwadunga thioperamidi, dawa ya utafiti inayoziba vipokezi fulani vya histamini kichwani, mnyama asipate hata lepe la usingizi. Nusu nyingine maji ya chumvi tu, wakajilalia zao. Sasa Alhamisi, uvundo ulipomchosha, si akafukiza udi! Udi, Alhamisi, nyumba ya watu waliokwisha kufa, na hakusema anamfukizia nani. Mtoto wa Kigombe kabisa, aliyelelewa akijua udi huita majini! Moshi ukamlevya, akasinzia kitini.

Jumamosi mchana panya wote thelathini walisimama kwa miguu ya nyuma, wamemkodolea macho yeye. Chumba kilinuka udi, na chetezo alikwisha kukiosha. Kisha akasikia mtu akiimbia puani.

"Tadeo," alimnong'oneza mwenzake, "nani anaimba?"

"Mbona sisikii kitu, dada?"

Mastura alijua toka utotoni kwamba jini humwingia mtu akilala. Basi halali! Akaiba ile thioperamidi, akajidunga. Jumapili tena, Jumatatu tena, macho yakimwaka, na wimbo ule ukatoka ukutani ukaja mlangoni, ukatoka mlangoni ukaja mgongoni, akawa anaukimbia chumba kwa chumba, viganja masikioni, mpaka alipougundua ulipo: unatoka kooni mwake mwenyewe.

Tadeo alimpakia kwenye bajaji hadi Nguvumali, kwa Bi Chiku, mganga.

"Shikamoo, bibi," Mastura alisalimu.

"Marahaba." Bi Chiku alimshika kifua, akauondoa mkono upesi. "Jini alikuingia palepale Alhamisi, uliposinzia. Na atatokea mlango huohuo wa usingizi. Umelala lini mara ya mwisho?"

"Sijalala, bibi. Najidunga dawa nisilale."

"Yarabi! Mwanangu, umemfungia ndani."

Mastura akaangua kilio. Bi Chiku akamtuliza: aiache dawa tu, alale hapohapo kwa dua zake, na jini atatoka mwenyewe. Wakamlaza mkekani, wakamfunika shuka gubigubi, kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, likaandaliwa, dua zikaanza. Taratibu kope zikawa nzito. Loo, raha iliyoje! Alikuwa karibu kabisa.

Hapo mkono wake wa kulia ukatambaa wenyewe chini ya shuka, ukaingia kwenye mkoba wake ubavuni, ukatoa sindano iliyojaa dawa.

Alitaka kupiga kelele: Tadeo, nishike mkono! Mdomo ulifunguka, lakini kilichotoka ni mkoromo, mzito, wa mtu aliyelala fofofo.

"Alhamdulillahi," Bi Chiku alimnong'oneza Tadeo. "Amelala. Mwanangu, tutoke, tusimwamshe."

Mastura akasikia mlango ukirudishwa polepole, na sindano ikimwingia pajani.