Si Mimi, Ni Dawa

Jivu lenyewe lilikuwa dogo, urefu wa ukucha wa kidole gumba, limelala juu ya kopo la rangi katika duka la Nzioka pale Kyumbi, bado zima jinsi lilivyodondoka kutoka kwenye sigara. Ngui, mfanyakazi wake kwa miaka kumi na minne, aliliangalia, akamwangalia tajiri wake, kisha akaendelea kupima misumari. Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu Nzioka aache kuvuta.

"Si mimi," Nzioka akasema.

"Sijasema kitu, bosi."

"Naona vile unaniangalia. Si mimi."

Alikuwa anasema kweli, jambo ambalo hakulizoea, na halikumsaidia.

Niseme wazi huyu Nzioka alikuwa mtu wa namna gani. Sigara hakuiacha kwa ujasiri bali kwa aibu, baada ya kukohoa kanisani Jumapili ya Matawi mpaka padre akanyamaza kumsubiri. Mkewe Kavutha ndiye aliyempeleka zahanati, na muuguzi mmoja, Phyllis Waithira, akampa vidonge vya majuma kumi na mawili. Alimweleza polepole, kwa kuwa alikwisha kumpima kwa macho.

"Unaweza kuwa na hasira, ama huzuni, ama uote ndoto mbaya. Wakati mwingine ni sigara inatoka mwilini, wakati mwingine ni dawa. Ukiona umebadilika usikae nayo nyumbani. Njoo uniambie, tuangalie."

Katika maneno yote hayo Nzioka aliokota neno moja tu, hasira, akaondoka nalo kama mtu aliyekabidhiwa leseni.

Kwa miaka ishirini alikuwa akimeza matusi yake asije akafukuza wateja. Sasa akayatapika. Mteja aliyeuliza bei ya mabati mara mbili aliitwa punda. Katekista aliambiwa anaimba kama mbuzi aliyenaswa kwenye ua wa miiba. Ngui, ambaye mguu wake mmoja ni mfupi, aliambiwa mbele ya mafundi kwamba Mungu alimuumba jioni akiwa amechoka. Na kila baada ya tusi Nzioka aliinua mikono na kutengeneza uso wa mtakatifu: "Si mimi, ni dawa." Watu wakamsamehe. Wengine walimpa pole. Zahanati hakurudi hata siku moja, maana angerudi kusema nini? Hakuwa na hasira yoyote mtu yule. Alikuwa anafurahi.

Kavutha alikuwa amepoteza mimba tatu. Jioni moja chai ilipoa mezani, na kwa ajili ya chai hiyo, chai tu, Nzioka alimwambia mkewe kwamba tumbo lake ni makaburi. Akaongeza upesi, "Si mimi, mama, ni dawa." Kavutha hakulia. Alikichukua kile kikombe akaenda kukiosha, na hata kilipotakata aliendelea kukiosha.

Kesho yake ndipo lilipoonekana lile jivu.

Juma lile lile akaja mama mmoja wa Katangi aitwaye Mueni. "Jana jioni umenitukana hapo dirishani. Umetukana mpaka marehemu mama yangu."

Jana jioni duka lilikuwa limefungwa, na Nzioka alikuwa Machakos mjini kutafuta saruji. "Mama, hiyo si mimi."

"Najua," Mueni akasema. "Ni dawa." Akatema mate mlangoni, akaenda zake.

Siku iliyofuata, saa saba mchana, jua likiwa kali na barabara imejaa malori, kikohozi kikasikika kutoka stoo. Kilikuwa kikohozi cha Nzioka mwenyewe, kile cha zamani chenye makohozi, ambacho sasa alikuwa amekipona. Pamoja nacho ikaja harufu ya sigara, na ndani yake harufu ya nywele zilizoungua.

Ngui alishusha sauti. "Bosi, si uko hapa na mimi?"

"Niko."

"Sasa huko nyuma ni nani anakohoa?"

Waliingia pamoja. Hapakuwa na mtu. Juu ya mifuko ya saruji palikuwa na kishimo cha makalio, kama mtu aliyekaa hapo muda mrefu amesimama sasa hivi.

Alhamisi jioni Nzioka alikuwa bafuni, sabuni usoni, aliposikia mtu akiongea na Kavutha jikoni, akadhani ni jirani, akajimwagia maji, na maji yalipoisha kwenye kopo akaitambua sauti, akatambua jinsi inavyoburuta maneno na jinsi inavyocheka kabla ya kuuma, maana ilikuwa sauti yake, na ilikuwa ikimhesabia Kavutha wale watoto watatu, mmoja mmoja, kwa majina ambayo mume na mke walikuwa wamewapa kitandani gizani na hawakumwambia mtu mwingine yeyote chini ya jua, ikieleza kila mmoja alimkimbia mama yake kwa sababu gani, na Nzioka akasimama pale uchi, maji yakimchuruzika, akitaka kupiga kelele na kushindwa, kwa kuwa hakuwa na uhakika kwamba koo lake lilikuwa bado la kwake. Alipofika jikoni Kavutha alikuwa peke yake, unga mikononi, akimtazama kama anavyotazamwa nyoka.

"Si mimi," Nzioka akanong'ona.

"Nenda," Kavutha akasema, kwa kunong'ona vilevile. "Mpaka siku utaweza kuniambia kwa mdomo wako ni nani alisema hayo, usirudi hapa. La sivyo, Jumapili naenda kwetu Mwala, na sitatoka huko tena."

Alilala dukani. Asubuhi alikimbilia kwa Phyllis akamsimulia yote, vidonge mkononi. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungekuja siku ya kwanza ningekusaidia," akasema. "Dawa inaweza kukupa hasira, Nzioka. Haiwezi kukuchagulia maneno. Hayo umeyatoa kwako. Hii nitakubadilishia leo, urudi Jumatatu tuone. Lakini huyo wa jikoni mimi sina dawa yake."

Kwa hiyo akaenda kwa Kamanthe, mganga wa huko Mwala, amebeba kuku mweusi kwenye gunia. Alitarajia ngoma, damu na jini la heshima. Alimkuta mwanamke mnene akipepeta ndengu, na hakuacha kupepeta.

"Kuku ni ya nini? Unadhani hiyo kitu ni mgeni wa harusi?"

"Imeniingilia, mwaitu, mama yangu. Sijui nani amenitumia."

"Hakuna mtu amekutumia. Umeiita mwenyewe. Kyumbi ni njia panda, vitu vinapita hapo mchana na usiku, na wewe kila siku umesimama hapo ukitangaza si mimi, si mimi. Moja imesikia nyumba haina mwenyewe. Ikaingia."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Kamanthe hakumwambia.

"Rudi ukaseme ni mimi," akaendelea. "Kwa kila mtu umetukana. Usitaje dawa, usitaje jini. Na uanze na bibi yako. Hao wengine ni wa barabarani, lakini hiyo kitu inalala kwako. Imejifunza sauti yako yote. Usiiache ijifunze na hayo maneno ya kuungama."

Agizo lilikuwa moja, na mtoto wa darasa la pili angelishika. Nzioka, akiwa Nzioka, alianza na katekista. Njiani alijiambia kwamba mke yuko tu nyumbani, haendi popote kabla ya Jumapili, na kwamba akijaribu kwanza kwa wengine atafika kwake akiwa amezoea. Mke alikuwa wa kufikiriwa mwisho, kama siku zote.

Jumamosi kutwa alizunguka. Kwa katekista alisema kwa kunung'unika. Kwa Mueni, huko Katangi, alisema vizuri kidogo, akajitwika hata yale ambayo hakuyatamka. Jioni akafika kwa Ngui.

"Lile neno juu ya mguu wako, ni mimi nililisema. Nililisema kwa sababu nilitaka kukuumiza. Nisamehe."

"Nilijua ni wewe, bosi," Ngui akajibu. "Dawa haijui mguu yangu."

Nzioka akalia, na aibu yake safari hii ilikuwa ya kweli. Kila alipoungama siku ile alisikia harufu ya sigara nyuma ya sikio lake, karibu sana. Alidhani jini linamtoka.

Alifika nyumbani giza likiingia. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka na mlango umefungwa kwa ndani. Akabisha.

"Ni nani?" Kavutha akauliza.

Nzioka akavuta pumzi. Kabla hajafungua kinywa, sauti ikajibu kutoka ndani ya nyumba, upande wa sebuleni.

"Ni mimi, Kavutha."

Hatua za Kavutha zikasimama. "Umeingilia wapi?"

"Nyuma. Lile neno juu ya watoto wetu, ni mimi nililisema. Nililisema kwa sababu nilitaka kukuumiza. Nisamehe."

Ilisema vizuri kuliko yeye alivyosema kwa mtu yeyote kutwa nzima. Ndani Kavutha akaanza kulia, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

"Nimekusamehe," akasema. "Karibu nyumbani."

Nzioka akaupiga mlango kwa ngumi zote mbili. "Kavutha, fungua. Ni mimi. Kavutha, ni mimi!"

Njiti ya kiberiti ikawashwa mle ndani, na moshi wa sigara ukapenya chini ya mlango mpaka kwenye viatu vyake.

"Usifungue, mama," sauti ikasema kwa upole. "Huyo si mimi."

Akamsikia Kavutha akisukuma komeo la pili.