Makovu Madogo ya Lugano

Gunia la tangawizi lilipomponyoka Asteria katikati ya stendi ya Same, alilidaka kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi.

"Dada, hili gunia linakuonea."

"Nawe umetumwa kuamua ugomvi?"

Wakacheka. Kijana aliitwa Lugano, mtu wa Tukuyu, fundi wa mashine kwenye shamba la mkonge. Tangu siku hiyo simu hazikuisha.

"Umekula, mpenzi?"

"Sauti yako imenishibisha."

"Mwongo wewe!"

Mwezi wa nane Asteria akampeleka kwao Mamba, kwenye milima ya Upare. Mama alikuwa amebandika makande tangu alfajiri, kwani nyumbani pale mgeni wa binti hupimwa kwa sahani yake. Lugano akala vijiko vitatu, akaacha.

"Makande yetu hayapandi, baba?"

"Nimetosheka, mama. Asante."

Mama akaondoa sahani.

Waliposhuka barabarani, Asteria alifoka. "Umemdharau mama yangu!"

"Sina pa kuweka chakula kingi. Mwaka jana nilipata saratani, wakanikata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula." Akapandisha shati. Tumboni palikuwa na makovu manne madogo, moja refu kidogo kuliko mengine.

"Hayo? Shangazi Hedwiga alipasuliwa saratani hiyohiyo kutoka kifuani hadi kitovuni. Homa wiki nzima, kugeuka hawezi. Wewe unabeba magunia! Tafuta uongo mwingine."

Akaacha kupokea simu zake. Mwishowe ukaingia ujumbe: "Jumatatu nina kliniki. Njoo umuulize daktari." Asteria akaenda, nia yake ikiwa kumuumbua.

Asteria alipouliza mbona Lugano hana kovu kama la shangazi yake, Daktari Beatha alimtazama Lugano kwanza. Lugano alipoitikia kwa kichwa, ndipo daktari akaeleza.

"Jeraha kubwa huushtua mwili mzima. Uvimbe na joto hupanda, kinga huchoka kwa muda. Tukipasua kupitia matundu madogo, mara nyingi mshtuko huo hupungua, na mgonjwa huinuka mapema. Lakini kilichokatwa ndani ni kilekile. Huyu na shangazi yako waliugua ugonjwa mmoja."

Asteria akainamisha kichwa. "Ugonjwa utarudi?"

"Vipimo vya leo ni vizuri. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi."

Nje, wakakaa kwenye benchi.

"Kwa nini ulinificha?"

"Ungenihurumia. Nilitaka unipende kwanza."

"Nami nikakuita mwongo. Nisamehe, Lugano."

"Yameisha. Ila mimi siwezi kukuahidi uzee, Asteria."

"Nani kakuomba uzee? Mimi nasubiri posa."

Lugano akafuta macho kwa mkono wa shati, akatoa simu, akapiga kwao.

"Shikamoo, baba mdogo. Tafuta wazee wawili, mje Upare."

"Marahaba. Kuna nini huko?"

"Kuna binti amechoka kusubiri."

Asteria akamfinya paja, akamnyang'anya simu. "Shikamoo, baba," akasema kwa adabu zote. "Msichelewe."