Sauti Iliyokataa Nafasi ya Raudha

Jumatatu asubuhi Raudha alisimama kwenye dirisha la ofisi ya udahili ya chuo kimoja cha fedha huko Kibamba, akaambiwa kuwa nafasi yake haipo tena.

Alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa uuguzi kwenye chuo cha jirani na kwao Mbagala. Hakuupenda uuguzi. Tangu sekondari alitaka kusoma fedha kama kaka yake Mfaume, ambaye nyumbani walisema yuko Afrika Kusini kikazi. Ombi lake la kuhama lilikuwa limekubaliwa, na kilichobaki ni kuripoti.

Karani wa udahili, kijana aliyeitwa Lusungu, alimweleza kuwa alimpigia simu Ijumaa mchana kuhakikisha kama anakuja, na mwenyewe akajibu kwamba ameghairi.

"Mie sijawahi kuongea na wewe," Raudha alisema.

Muda wa uhamisho ulikuwa umefungwa Jumamosi. Nafasi ilikwishapewa aliyekuwa akifuata kwenye foleni. Raudha aliuliza ni nani. Alipotajiwa jina alikaa chini palepale kwenye baraza: ni Nusaiba, rafiki yake wa mtaa mmoja, waliyeomba naye siku moja.

Alirudi Mbagala moja kwa moja hadi kituo cha polisi. Kesi ilimwangukia Sajenti Apolonia, mpelelezi mwanamke, mzaliwa wa Bukoba, aliyefanya kazi Dar miaka mingi. Swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu simu. Raudha alisema Ijumaa alikuwa wodini kwa mafunzo, na wodini hawaruhusiwi kuingia na simu, hivyo aliiacha nyumbani ikichaji. Namba ya kuifungua haikuwa siri. Mama yake aliijua, Nusaiba aliijua, na mchumba wake Twalib pia.

Apolonia alianza na Twalib kwa sababu Raudha alikiri kuwa waligombana juu ya kuhamia Kibamba. Lakini Twalib alikuwa Tanga wiki nzima kwenye ujenzi, na msimamizi wake alithibitisha.

Alasiri hiyohiyo Apolonia alikwenda Kibamba kumhoji Lusungu. Karani alisema aliipiga namba iliyo kwenye faili, akapokea mwanamke, sauti nzito kidogo kama ya mtu mwenye mafua.

"Alisema nini, neno kwa neno?"

"Nilimwambia habari za saa hizi. Akajibu, 'Salama mwanangu, hujambo?' Nikamuuliza kama ni Raudha, akanyamaza kidogo, akasema ndiye. Nikamuuliza kama bado anaihitaji nafasi. Akanyamaza tena, halafu akasema ameghairi. Nikamtumia namba ya uthibitisho kwa ujumbe, akanisomea."

"Mwanangu?"

Lusungu alitabasamu. Vijana wa Mbagala, alisema, kila mtu kwao ni mwanangu siku hizi, hata wasichana.

Apolonia alirudi na neno hilo. Jioni alimkuta Nusaiba nyumbani kwao, na kabla hata hajaketi alimsikia akimwita dada wa duka la jirani, "Mwanangu, niwekee mkate." Ikamtosha. Alimpakia kwenye gari la polisi, baba yake na majirani wakitazama. Raudha naye alikuwa pale. Alimwita mwizi mbele ya watu wote.

Kituoni Nusaiba hakuficha kuwa Ijumaa mchana aliingia kwao Raudha kuchukua sketi aliyomwazima. Alikiri pia kwamba Jumamosi chuo kilimjulisha amepata nafasi, naye akanyamaza.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliona aibu, afande. Nilijua imetoka kwake. Nikadhani kaamua mwenyewe, ila kashindwa kuniambia. Simu yake hata sikuiona. Chumbani hamkuwa na kitu kinachaji."

Apolonia aliacha kuandika. Kama simu haikuwa chumbani, basi kuna mtu aliyekwisha kuichukua. Na Bi Tabu, mama yake Raudha, alikuwa amemweleza kwamba Ijumaa yote alishinda kwa jirani kwenye shughuli ya harusi.

Kesho yake asubuhi Apolonia alianzia kwa huyo jirani. Shughuli ilikuwapo, ila wapishi walisema Bi Tabu alifika baada ya sala ya alasiri, macho yamemvimba, akasema ni moshi. Kutoka hapo alikwenda kwao Raudha, akamwamkia shikamoo Bi Tabu, akakaribishwa ukumbini. Raudha alikuwapo. Kabla hawajaanza kuzungumza simu ya mama iliita, namba ngeni. Bi Tabu akaipokea.

"Salama mwanangu, hujambo?"

Apolonia alingoja amalize.

"Mama, kijana hamuulizi kijana mwenzake hujambo," alisema taratibu. "Karani alisikia mwanangu akadhani ni lugha ya mtaani. Na mie nikadhani hivyohivyo. Yule alikuwa mzazi anamjibu mtoto."

Raudha alimgeukia mama yake. Bi Tabu aliiweka simu mezani.

"Sikupanga," alisema mwishowe. "Nilikuwa naihamisha simu kwenye soketi ya ukumbini, ile ya chumbani inakatakata. Ikaita. Yule kijana akaniuliza, bado unaihitaji? Nikamwona Mfaume."

"Kaka anaingiaje hapa?" Raudha aliuliza.

"Kaka yako hajawahi kufika Afrika Kusini. Yuko gerezani, mwaka wa tatu huu. Bosi wake alimpa karatasi asaini, akasaini. Kampuni ilipofilisika bosi akatoroka, akabaki yeye na saini yake. Nilipokuwa nawaaga nakwenda kwa shangazi yenu Morogoro, nilikuwa nakwenda kumwona."

"Ungeniambia."

"Aliniapisha. Alitaka wewe uendelee kumwona ni mtu wa maana."

Apolonia alieleza kuwa kujifanya mtu mwingine kwenye simu ni kosa, na kwamba mlalamikaji ni Raudha. Raudha alisema hana tena malalamiko. Apolonia alimwachia Nusaiba, akamrudisha mwenyewe kwao na kumwomba radhi baba yake. Mzee alimjibu kwa adabu, lakini hakumkaribisha ndani.

Raudha alimfuata Nusaiba Kibamba wiki iliyofuata kumwomba radhi. Nusaiba alisikiliza, akasema amemsamehe.

"Ungekuja kuniuliza tu, ningekwambia," alisema. Kisha akaingia darasani. Tangu hapo hupigiana simu siku za Idi.

Mwisho wa mwezi, Raudha na mama yake walikwenda gerezani pamoja. Mfaume alikuwa amekonda. Alilia alipomwona mdogo wake, halafu akajitahidi kucheka, akamuuliza kama hatimaye amehamia kwenye fedha.

"Bado niko kwenye uuguzi."

"Si walishakukubali? Mama aliniambia. Nani amekuzuia?"

Bi Tabu aliinamisha kichwa.

"Hakuna, kaka," Raudha alisema. "Nafasi zilijaa."