Nywila Iliyoandikwa Kwenye Ufito

"Kwenye ufito!"

"Ufito upi?"

"Wa hema, mama Adinai, nimeshakwambia mara—"

"Hema lipi, baba Adinai? Tuna mahema matatu!"

"Lile kubwa! Ufito ulio juu ya mto wangu. Nikilala chali nausoma—"

"Wenzio wakilala chali wanaota. Wewe unasoma nywila!"

"Si uliniambia niiweke mahali nisiposahau?"

"Nilisema mahali, sikusema paa! Haya, hema kubwa liko wapi sasa?"

Shaarbek akavua kofia.

"Kwa Kadirali," akasema polepole.

Mzee Kadirali, jirani yao, alikuwa amefariki jana. Hema lao kubwa lilikuwa limesimamishwa uani kwake, na mwili wake umelazwa ndani. Ukiombwa hema la msiba hukatai, hata kama usiku wa kuamkia siku hiyo ulilala humo wewe mwenyewe.

Kila kiangazi Shaarbek na mkewe Gulbarchin huswaga farasi na kondoo wao kwenda malishoni, milimani. Huko husimamisha mahema yao ya duara na kupokea wageni. Wageni huwapata kupitia tovuti. Kwenye tovuti kuna picha za farasi, picha ya Gulbarchin akikoroga maziwa, na ramani ya njia.

Shida ilikuwa hiyo ramani. Ilikuwa ya mwaka jana. Mwaka jana walikaa ng'ambo ya mto. Mwaka huu theluji iliyeyuka kwa fujo, mto ukaondoka na daraja, wao wakahamia upande huu. Ijumaa wanakuja wageni kumi na mmoja kwa baiskeli. Wakiifuata ramani ile, watateremka jioni, kwenye baridi, mpaka kwenye mto usio na daraja. Pale hakuna nyumba ya mtu wala simu haishiki. Na leo ni Jumatano.

"Tuwapigie," alisema Shaarbek.

"Namba zao ziko ndani ya tovuti."

"Basi nitawasubiri njia panda."

"Njia panda ipi? Njia za kufika mtoni ni tatu. Utajikata vipande vitatu?"

Mpaka juzi hawakuhitaji kukumbuka chochote. Simu ya Shaarbek ilikuwa inakumbuka yenyewe. Juzi iliteleza kutoka mfukoni ikatumbukia kwenye kiriba cha kumizi, maziwa ya farasi yaliyochachuka. Ilipotolewa, ilikuwa imekunywa kuliko mwenye nyumba. Haikuamka tena.

Gulbarchin alikuwa amekaa asubuhi nzima kwenye kompyuta ya nyumbani kwao kijijini, walikoteremka kwa ajili ya msiba, akibahatisha. Aliandika jina la farasi. Jina la mbwa. Jina la farasi na umri wa mbwa. Mwishowe tovuti ikachoka, ikamfungia nje kwa saa moja. Akaomba nywila mpya. Tovuti ikajibu kwamba itaituma kwenye barua pepe. Nywila ya barua pepe nayo ilikuwa kwenye simu iliyolewa.

"Hapa kuna watu," alisema Shaarbek, pua ikigusa kioo. "Wanasema wanafungua akaunti yoyote kwa dakika tano. Wanataka namba ya kadi ya benki tu, na picha ya kitambulisho."

"Na funguo za zizi hawataki?"

"Hawajaandika."

Gulbarchin akamzimia kompyuta.

Mchana Shaarbek alikwenda msibani. Wanaume wa kijiji hulilia nje ya hema, wameinamia fimbo zao. Ndani wanakaa wanawake. Shaarbek aliinama akalia, "Ndugu yangu weee!" Akachungulia mlangoni. Akalia tena kwa nguvu zaidi, akachungulia zaidi. Wazee wawili wakamshika mabega.

"Jikaze, Shaarbek. Hata sisi tulimpenda."

Wakampeleka penye supu.

"Nimeona shungi za wanawake tu," alimwambia mkewe aliporudi.

"Ulikwenda kulia au kupeleleza?"

"Nimelia kweli!" Macho yake yalikuwa mekundu. "Kadirali ndiye aliyenifundisha kufunga tandiko. Usinicheke kwa hilo."

Gulbarchin hakumcheka. Alijifunga kitambaa kichwani, akaenda mwenyewe.

Ndani ya hema wanawake walikuwa wamekaa wakitazama ukuta, kama desturi inavyotaka, wakiimba maombolezo. Mjane, bibi Sonun, alikuwa katikati, nywele zimefumuliwa. Gulbarchin akaketi karibu naye, akageukia ukuta, akaanza kuimba. Macho yake yakapanda taratibu kwenye paa. Fito sitini na tano. Zote nyekundu. Zilipofunguliwa na kusimamishwa upya zilichanganyika, na mto wa kulalia wa Shaarbek haukuwepo wa kumwonyesha.

Wa kwanza, hamna. Wa pili, hamna. Alipofika wa ishirini na mbili, akasikia mtu akimnong'oneza.

"Mwanangu, unamlilia mzee wangu au unahesabu fito?"

Gulbarchin alitamani ardhi impokee kabla ya mwenye zamu yake. Akamweleza bibi Sonun yote kwa kunong'ona, kati ya ubeti na ubeti: tovuti, daraja, baiskeli kumi na moja.

Bibi Sonun akamsogelea.

"Watafika mtoni usiku?"

"Jioni, bibi."

"Mzee alivuka mto ule kila mwaka. Hakuwahi kuuamini." Akavuta pumzi. "Ni wa tatu kutoka mlangoni, kushoto. Lakini usisumbuke. Tangu jana niko hapa nautazama. Nimeshaijua kwa moyo. K kubwa, u, l, u, n, saba, alama ya mshangao..."

Akaitaja yote, herufi kumi na tatu, bila kukosea. Gulbarchin hakuwa na kalamu. Asingeweza kutoka mbio. Ikabidi aiingize kwenye maombolezo yake, na kuiimba mpaka ilipofika saa ya kuondoka. Wanawake waliokuwa kando yake walitikisa vichwa. Walidhani ni maombolezo ya kale, ya upande wa mama yake.

Alikwenda moja kwa moja maktaba. Mkutubi wa kijiji ni dada Toktokan, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja nyweleni. Shaarbek alikuwa tayari anamsubiri mlangoni, kama walivyopatana. Maktaba ndiyo yenye mtandao wa kasi.

"Kaa hapa," Toktokan alisema. "Kabla hujaandika, tazama juu. Hii ndiyo anwani ya tovuti. Isome herufi kwa herufi. Matapeli hutengeneza ukurasa unaofanana na wako kama mapacha. Anwani ndiyo itakayowaumbua."

"Na kile kialama cha kufuli?" aliuliza Shaarbek. "Si ndiyo usalama?"

"Kufuli linasema hakuna anayesikiliza mkizungumza. Halisemi unayezungumza naye ni nani. Hata tapeli anaweza kuwa na kufuli mlangoni kwake."

Gulbarchin akaandika nywila. Tovuti ikafunguka. Shaarbek akaipiga meza kofi mpaka miwani ya nyweleni ikaanguka.

Kompyuta ikauliza: nihifadhi nywila hii?

"Ndiyo, ndiyo!" alisema Shaarbek.

"Hapana!" alisema Toktokan. "Hii kompyuta ni ya watu wote. Ukisema ndiyo, kesho atakayekaa hapa ataingia kwako bila kupiga hodi."

Ramani ilichukua dakika ishirini. Kijana aliyewatengenezea tovuti alitumia mtambo wa kuundia tovuti anaouelewa yeye peke yake, kisha akahamia mji mkuu. Walitafuta ramani ilipojificha kama wanatafuta mwanakondoo kwenye theluji. Hatimaye waliifuta ya zamani, wakaweka mpya. Gulbarchin akaandika kwa herufi kubwa: DARAJA HALIPO. MSIFUATE NJIA YA MTO. Akawatumia wageni ujumbe mmoja mmoja.

Toktokan akatoka kwenda kuleta chai. Aliporudi alikuta wamevaa makoti.

"Mnakwenda wapi? Bado. Hiyo nywila imekufa, ibadilisheni."

"Imekufa vipi? Si imefungua sasa hivi?"

"Wanawake wangapi wamekaa kwenye hema lile tangu jana?"

Gulbarchin akahesabu. "Kama arobaini."

"Wote wanajua kusoma. Hata mimi nilikaa pale asubuhi. Niliisoma. Nilidhani ni dua."

Shaarbek akavua koti.

Basi Toktokan akawaeleza, na hakuharakisha. Kuna programu za kutunza nywila. Ni kama lile sanduku ambalo kila nyumba hupanga magodoro juu yake. Ndani unaweka nywila zote. Unabaki kukumbuka neno moja tu, la kufungulia sanduku. Programu yenyewe itakutungia nywila ngumu, tofauti kwa kila tovuti, na itakujazia. Na ukifika kwenye tovuti ya tapeli, haitajaza. Anwani si ile inayoijua.

"Na simu ikilewa tena?" aliuliza Gulbarchin.

"Chagueni programu inayofanya kazi kwenye simu na kwenye kompyuta pia. Simu moja ikifa, mnafungulia nyingine. Msichukue yoyote inayojitokeza. Ulizeni: inajulikana? Wanaoitengeneza wanairekebisha mara kwa mara? Nikitaka kuhama, naweza kutoka na vitu vyangu? Maswali hayohayo muulize kuhusu kivinjari, ile programu mnayofungulia mtandao. Hicho chenu kwenye kompyuta ya nyumbani ni cha lini?"

"Kilikuja na kompyuta," alisema Shaarbek kwa fahari. "Sijawahi kukigusa."

"Ndiyo maana hakiwaonyi mkikutana na matapeli. Kisasishe leo. Kisipokubali, weka kingine kinachojisasisha chenyewe. Na tovuti, msimu ukiisha, hamisheni. Tafuteni mtambo ambao mama Adinai anaweza kubadilisha ramani kwa kidole, kwenye simu, akiwa anakamua."

"Neno la sanduku," alisema Gulbarchin. "Tuweke lipi?"

"Maneno manne au matano yasiyohusiana, yenye kuwachekesha. Refu ndilo gumu kuvunjwa. Siyo jina la farasi."

Shaarbek alifikiri, uso ukang'aa. "Nimepata! Mbuzi ana—"

"Usiseme!" walipiga kelele wanawake wote wawili.

Walitunga lingine, kwa kunong'onezana sikioni, wakicheka kama waliochumbiana jana. Kisha programu, waliyoiweka kwenye simu ya Gulbarchin, ikawapa maneno ya dharura, ya kufungulia siku watakaposahau lile la sanduku. Toktokan aliwaambia wayaandike kwenye karatasi, kwa mkono, nakala mbili. Moja ikae nyumbani, mahali pa siri. Nyingine ikae kwa mtu wa kuaminika nje ya nyumba, maana nyumba huungua.

"Kwa kaka yangu," alisema Shaarbek.

"Kaka yako akinywa glasi mbili anasimulia mpaka siri za farasi!"

"Basi kwa dada yako, autangazie soko zima?"

Toktokan akafunga maktaba wakiwa bado wanabishana.

Kadirali alizikwa Alhamisi. Shaarbek alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na hakuchungulia kitu.

Ijumaa jioni baiskeli kumi na moja zilipanda kilima, upande huu wa mto. Wageni walikuwa wamelowa na wana njaa, lakini walikuwa kumi na mmoja, Gulbarchin aliwahesabu mara mbili. Mmoja alimwonyesha simu yake. Walikuwa wameshashika njia ya mtoni, alisema, ujumbe ukaingia mahali pa mwisho penye mtandao. Gulbarchin alimkumbatia mgeni yule mpaka kofia yake ikapinda, kisha akampa bakuli la supu.

Hema kubwa lilirudishwa baada ya siku saba. Shaarbek aliusugua ule ufito kwa mchanga mpaka ukawa mweupe. Nywila mpya hata yeye haijui, na anajisifia hilo kwa kila mgeni. Kivinjari kipya kimeshamwonya mara mbili, na mara zote mbili alitii. Kitu kimoja tu hakikuisha. Karatasi ya pili bado ilikuwa chini ya magodoro, pamoja na ya kwanza, kwa sababu hawakukubaliana.

Arobaini ya Kadirali ilipopita, bibi Sonun alipanda malishoni juu ya farasi wa marehemu. Alikaribishwa penye heshima, mkabala na mlango. Akamiminiwa chai. Akatazama juu, kwenye ufito mmoja mweupe kati ya fito nyekundu.

"Mmeufuta," alisema.

"Tumeufuta, bibi. Ilikuwa hatari."

"Mmefanya vizuri." Akanywa kidogo. "Ila nilikuwa nimeuzoea. Siku zile ilikuwa kitu pekee nilichoweza kusoma mpaka mwisho."

Shaarbek akamwongeza chai, akaanza habari ya karatasi. Mkewe akadakia. Kaka yako. Dada yako. Mlevi. Mmbeya. Wakasahau kabisa kwamba kuna mgeni.

Bibi Sonun aliweka bakuli lake chini. Akakohoa.

"Nipeni mimi," alisema.

Wakamgeukia.

"Hiyo karatasi. Nipeni mimi niwatunzie. Ili mkisahau, mje kwangu."