Dira ya Luhaga

Jua lilikuwa limeshainamia ziwani Shimba alipoingia dukani kwa Hasham kuchagua dira. Wenye maduka wa Mwanza walianza kufunga milango, na harufu ya dagaa ilipanda taratibu kutoka ufukweni.

Kesho yake bwana mpima, Mwingereza aliyepiga kambi Mkolani, angewashindanisha wapagazi wake, Shimba akiwa mmoja wao: kukimbia kwenye vilima vya mawe, kutoka bendera hadi bendera, kila mtu na dira yake mkononi. Wa kwanza kurudi angefanywa msaidizi wa upimaji, aachane na kubebeshwa minyororo ya kupimia ardhi kama punda. Mashindano ya mwaka uliotangulia yalikuwa yamemuua kaka yake Shimba, Luhaga. Walimkuta chini ya jabali, shingo imevunjika. Wakamzika nyumbani. Bwana mpima alituma blanketi moja, na kazi akampa mwingine.

Hasham aliweka dira mbili juu ya meza. Alimweleza kwamba mkimbiaji hana nafasi ya kusubiri. Mshale unaochezacheza humla mtu muda. Ya kwanza ilikuwa mpya, nyepesi, yenye uzi wa kuvaa shingoni. Mshale wake ulitulia upesi. Ya pili ilikuwa nzito, ya shaba, yenye kifuniko.

Shimba akakifungua kile kifuniko.

Ndani palikuwa na msalaba mdogo uliokwaruzwa kwa msumari. Luhaga aliukwaruza Shimba akimwona, siku alipoazimwa dira hiyo kambini. Nayo haikuonekana kwenye maiti.

Aliuliza imetoka wapi. Hasham alitazama kwanza mlangoni. Akasema aliileta mtu mmoja mpole, asiyemjua. Fedha hakutaka. Alitaka majembe, tena mengi kuliko mikono ya nyumba moja. Na alinuka pumba mbichi, harufu ambayo ilibaki dukani hata baada ya kufagia.

"Chukua mpya," Hasham alisema. "Hiyo nyingine mshale wake hauipendi kaskazini."

Shimba akaona labda vyuma vya dukani ndivyo vinavyouvuta. Wakatoka nje, mbali na misumari na majembe, wakaziweka zote mbili chini. Mishale ikaelekea upande mmoja, sawasawa.

Hasham hakuridhika. "Mpya itakupa kazi, Shimba. Hiyo itakupa nini?"

Shimba alifumba kiganja juu ya shaba. Kaka yake alikuwa ameshachukuliwa. Dira yake hakuwa tayari kuiachia.

Siku ya mashindano mvua ilinyesha asubuhi nzima, wakaanza mbio alasiri. Shimba alikimbia kama aliyekosewa. Bendera ya kwanza aliipata. Ya pili pia. Nyuma yake hakusikia mtu tena. Kisha ukungu ukaja kutoka ziwani, ukameza vilele vya mawe kimoja kimoja, na mwanga ukaanza kufifia.

Akasimama kutazama dira.

Mshale ulikuwa ukigeuka.

Haukutetemeka. Uligeuka polepole, kama mtu anayegeuza shingo, ukaelekea kwenye upenyo kati ya majabali mawili. Shimba hakuwa na chuma mwilini, hata kisu. Alizunguka jiwe moja kubwa. Mshale ukazunguka naye, ukaendelea kuelekea pale pale. Mwenye akili timamu angerudi. Lakini mkono uliokwaruza ule msalaba ulikuwa wa nduguye...

Akapenya.

Harufu ya pumba ilimpokea kwanza. Kisha sauti.

Ko... Ko... Ko...

Mbele yake palikuwa na shamba lililozungukwa na mawe pande zote. Watu walikuwa wakilima, wameinama kwa mstari, majembe mapya yakipanda na kushuka pamoja. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyefuta jasho. Vumbi jeupe la pumba lilikuwa limewagandia midomoni.

Wa mwisho kwenye mstari, shingo yake ilikuwa imelala begani.

Shimba alimjua kwa mgongo kabla hajageuka. Alipogeuka, alikuwa Luhaga. Yule yule waliyemwogesha, wakamlilia, wakamfukia. Macho yake yalimtazama Shimba kama macho ya mtu anayetafuta neno alilolisahau. Akafungua kinywa. Ndani hapakuwa na ulimi.

Aliacha kulima.

Mstari mzima ukaacha kulima.

"Umepotea, mwanangu?" sauti ya upole ilinong'ona karibu kabisa na sikio la Shimba. "Au umekuja kumsaidia?"

Hakugeuka kumtazama aliyesema. Dira ilimponyoka, akakimbia. Aliteleza, akaanguka, akachanika magoti, na nyuma yake ikaanza tena... Ko... Ko... Ko...

Alifika kambini usiku umeshaingia. Kazi alikuwa ameshapewa mtu mwingine. Bwana mpima alimtazama magoti, akasema hafai milima.

Kesho yake wanaume wa kwao walikwenda na mapanga. Walilikuta shamba, udongo bado mbichi, na nyayo nyingi zilizoishia kwenye uso wa jabali. Kaburi la Luhaga walilifukua pia. Mlikuwa na gogo la mgomba, limefungwa sanda vizuri.

Mama yao, Teodora, hakulia. Alimwita Shimba ndani, akamuuliza swali moja.

"Ulimwita jina?"

Wazee husema msukule, mfu anayefanyishwa kazi na mchawi, akiitwa jina na damu yake, hukumbuka. Huweza kurudi. Shimba alilijua hilo tangu utotoni. Aliinamisha uso.

"Alikuwa mbele yako," mama alisema, "nawe ukafunga mdomo."

Tangu siku hiyo, kila jua likitua, Teodora alijifunga kitenge akaenda vilimani kumwita mwanawe. Shimba alimfuata nyuma. Mama hakuwahi kumwambia aje, wala abaki. Aliita mpaka sauti ikakauka, na mawe yakamrudishia sauti yake mwenyewe.

Jioni moja mawe yalirudisha jina jingine.

"Shimba..."

Ilikuwa sauti ya Luhaga, nzima, yenye ulimi. Ilitoka ng'ambo ya majabali, kwa upole, kama mtu anayemwita mdogo wake aje kula. Kila mtoto wa kule hufunzwa: ukiitwa jioni na usiyemwona, usiitike. Anayeitika amejikabidhi kwa anayeita.

"Shimba..."

Alimshika mama yake mkono, akamsihi waondoke. Mkono wa mama haukusogea. Alikuwa akiyatazama mawe, na uso wake, kwa mara ya kwanza tangu maziko, ulikuwa na tumaini.

"Itika," alisema.